Picha Ikitolewa, Ijibiwe

Jumatatu, 1 Machi 1976

Sukari imekwisha tena mjini. Asubuhi nimepita kwa watoto wote nikitoa picha ya sukari kwenye kamba zao za kiunoni, fundo moja baada ya jingine. Nilijiona mwizi. Juma aliishika yake kwa vidole viwili, akanitazama, akaiachilia.

Sheria ya darasa hili ni moja na niliitunga mimi: picha ikitolewa, ijibiwe. Mtoto asiyeweza kusema akikupa picha ya maji, mpe maji. Papo hapo. Ukicheka kwanza, ukigeuka kuzungumza na mtu, kesho hakupi picha. Atalia au atakuuma, na atakuwa na haki.

Kisichokuwepo nacho kina jibu lake. Nimechora sufuria mbili. Ya kwanza imefunikwa kwa majani ya ndizi na inatoa mvuke. Kila mtoto wa Kampala anajua matoke yakiwa chini ya majani hayafunuliwi, yanasubiriwa, na yanakuja. Hiyo maana yake ngoja. Ya pili imepinduliwa mdomo chini. Hakuna, kwisha. Mchoro wangu si mzuri. Ile iliyofunikwa inafanana na kichwa cha bibi mwenye kilemba, lakini watoto wanaielewa, na hilo ndilo ninalolitaka.

Ningeweza kuwaachia picha ya sukari na kuwajibu kwa sufuria iliyopinduliwa kila siku. Nimeitoa kwa sababu nimechoka kuipindua. Huo ndio ukweli.

Namuli ametoa picha ya baba yake kabla ya chai, wakati wa chai na baada ya chai. Chai yenyewe chungu kama dawa.

Jumanne, 2 Machi

Sijalala vizuri. Milio ya bunduki upande wa kambi ya jeshi, halafu kimya, na kimya hicho ndicho kilichonikosesha usingizi.

Namuli ana miaka minane. Hospitali ya Mulago walimpima wakasema masikio mazima, akili nzima, kinywa tu ndicho kinachokataa. Alikuja kwangu akiwa anapiga watu. Siku hizi ana kamba kiunoni yenye picha nyingi kuliko mtoto yeyote. Kijiko, maji, choo, mama, jaja yaani bibi, mpira, lala, uma. Na mbili alizozipenda kuliko zote: baba, na beba.

Baba ni picha ya kamera, kichwa na mabega, tai imepinda. Beba niliichora: mtu na mtoto mabegani. Kila alasiri baba yake alikuwa akitoka kazini, karani wa ghala, anasimama getini, na Namuli anampa zote mbili kwa pamoja. Anambeba. Mtoto mkubwa vile, miguu imefika tumboni kwa baba. Nilikuwa nikimtania kwamba atavunjika mgongo nami sina picha ya mgongo.

Hajaja tangu mwanzo wa mwezi uliopita. Walimtoa ghalani mchana wakamtia kwenye gari. Hakuna anayelisema kwa sauti. Mama Namuli anawaambia majirani mumewe yuko safarini.

Beba haitoi tena. Anatoa baba peke yake. Ananipa mimi, anampa mfagiaji, anawapa wenzake. Mimi nageukia watoto wengine. Navunja sheria yangu mwenyewe kila siku, na yeye anaona.

Alhamisi, 4 Machi

Mama Namuli amekuja baada ya darasa. Hakukaa kwenye kiti, alikaa ukingoni mwa kiti.

Jana kwenye kizuizi cha barabarani, chini ya kambi, wakati askari wakipekua kikapu chake, Namuli alifungua fundo akampa askari picha ya baba yake. Askari akauliza ni nani. Mama akasema mjomba, alikufa zamani. Askari akaitazama muda mrefu, akairudisha. Akinisimulia, mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua ncha ya nguo.

Ameniomba niitoe picha hiyo kwenye kamba. Mke anayemuulizia mumewe anafuatwa, na huyu mtoto anauliza kwa niaba ya nyumba nzima, tena anawauliza wao wenyewe.

Nikabisha. Mimi na kubisha kwangu. Nikasema kumtolea picha ya baba ni kama kumkata ulimi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, wewe utaludi kwenu. Sisi tutabaki hapa."

Kwetu ni Voi, Kenya. Ni kweli, nina pa kurudi.

Tumekubaliana hivi: picha ibaki darasani, kwenye msumari wangu ukutani, isipite geti. Akiitaka nimpe, nami nimjibu. Nimjibu kwa sufuria ipi? Mama Namuli alitazama zote mbili mezani. Akaisukuma kwangu ile iliyofunikwa, kisha akaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 5 Machi

Nimefanya. Namuli alinipa baba, nikampa sufuria iliyofunikwa.

Uso wake ulifunguka. Sijauona hivyo tangu Januari. Alikwenda kukaa getini, magoti pamoja, akaitazama barabara. Alikaa huko hadi mama yake alipokuja, na alikataa kuondoka. Alilazimishwa. Aliniuma mkono wakati nikisaidia.

Sufuria hiyo haijawahi kumdanganya. Kila nilipompa, kitu kilikuja. Maziwa yalikuja, zamu yake kwenye mpira ilikuja. Mwaka mzima niliijenga imani hiyo, nami ndiye nimeitumia vibaya.

Lakini nyingine ninampaje? Kumpa iliyopinduliwa ni kumwambia baba yake amekufa. Nani ameniambia amekufa? Hakuna. Nani ameniambia yu hai? Hakuna. Natafuta sufuria ya tatu na sijui inachorwaje. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani bila kujiponza.

Jumatatu, 8 Machi

Mvua usiku kucha. Darasani nimekuta mende wamekula picha. Gundi yangu ni uji wa unga wa muhogo, na makaratasi yanatoka kwenye maboksi ya sabuni. Sabuni yenyewe haipo, maboksi yapo. Mende wamekula gundi yote, maboksi yameloa yakawa ugali. Kijiko hakuna, choo hakuna. Watoto wamekaa kama watu waliokatiwa umeme.

Juma alikuja na baba yake, Sajini, kutoka kambini. Anamfikisha mtoto mlangoni mwenyewe. Viatu vyake vinang'aa hata kwenye tope. Ni mtu wa kaskazini, maneno machache, na mara moja alituletea mkungu wa ndizi. Namwogopa. Nampa kiti na namwogopa.

Alitazama makaratasi yaliyooza akasema tafuta kitu ya nguvu. Kana kwamba sikuwa nimefikiria.

Redioni wanaisema vibaya Kenya tena. Mwenye nyumba wangu ameanza kunisalimia kwa sauti ndogo.

Namuli getini.

Jumanne, 9 Machi

Nimeipata dawa ya mende. Najipongeza.

Sokoni, nyuma ya wauza mikeka, kuna mzee anayeuza lubugo, ile nguo ya gome la mti wanayoitwanga hapa Buganda. Nimekuwa nikiipita tangu nilipohamia Kampala na sijawahi kuigusa. Rangi ya udongo mwekundu, laini, haioti ukungu, mende hawaitaki. Unashona picha juu yake kwa uzi, gundi ya nini tena. Nikamwambia nataka nyingi.

Mzee aliinuka. Aliniambia, "Pole, mama. Pole sana." Nikasema asante, nikidhani ananihurumia kwa mvua iliyoninyeshea, maana nilikuwa nimelowa chepechepe. Alinichagulia vipande vizuri kwa mikono miwili, akaongeza kimoja bure, na hata bei hakutaka tuibishanie. Nilirudi nikisema Waganda ni watu wenye adabu kuliko wote niliowahi kuishi nao.

Jumatano, 10 Machi

Nashona. Vidole vimetoboka. Nimeshona vijiko, vikombe, mipira, akina mama, akina baba. Nimemshona Sajini na kofia yake ya jeshi kwa ajili ya Juma. Nimemshona baba yake Namuli na tai yake, ile picha ya kamera iliyowashinda mende.

Ukingo nimeupinda na kuukunja mbele, kama fremu. Nzuri sana. Nilipomaliza nilizipanga kitandani nikazitazama kama mtu aliyepika karamu.

Ijumaa, 12 Machi

Watoto wamezipenda. Wanazipapasa mashavuni. Juma hakuachia ya baba yake mchana kutwa.

Mfagiaji wetu aliingia asubuhi, akaziona, akatoka na ndoo yake bila kudeki. Nilimwona ana kiburi leo. Nilikuwa na furaha, sikumfuata kumuuliza.

Mchana mbingu zilipasuka. Jirani yao Namuli alipita na mwavuli, akasema amchukue mtoto mapema kabla barabara haijawa mto. Nikamfunga koti haraka, nikamsukuma chini ya mwavuli.

Sasa hivi nikiandika ndipo nimekumbuka. Kamba ilikuwa kiunoni, chini ya koti, na baba yake yumo. Msumari wangu uko mtupu.

Mungu wangu, kizuizi. Lakini jirani hupita njia ya juu, hakuna kizuizi huko. Najipa moyo. Kesho nitaifuata.

Jumamosi, 13 Machi

Sikuifuata. Imeletwa.

Mama Namuli amekuja chumbani kwangu asubuhi, hajavaa kitambaa kichwani. Aliiweka kamba mezani, akaigeuza mpaka uso wa mumewe ukawa juu. Hakupaza sauti.

"Mwalimu," alisema, "nani alikuambia amekufa?"

Nikasema hakuna aliyeniambia kitu. Akasema basi mbona umemufunika.

Lubugo ni sanda. Hapa mtu akifa ndiyo anayoviringishwa, vipande juu ya vipande, wa kila ukoo, tajiri na maskini. Kumbe yule mzee wa sokoni alikuwa akinipa rambirambi. Kumbe ndiyo maana mfagiaji alitoka. Mimi Mtaita, mjuaji wa picha, nimechukua uso wa mtu aliyepotea nikauzungushia sanda, nikapinda na ukingo ukae vizuri.

Na jinsi walivyoielewa huko nyumbani ndiyo inayoniua. Jaja, mama wa mume, alimvua mjukuu koti akaiona picha. Akawaza hivi: mwalimu ana mtoto wa mwanajeshi darasani. Amesikia habari kambini. Ameogopa kusema kwa mdomo, ametuma kwa njia yake, maana huyu kazi yake ni kusema kwa picha. Jaja akapiga yowe. Majirani wakaja na mayowe yao. Wanaume wakawasha moto uani, ule wa matanga, wakaketi kuuzunguka kwenye manyunyu.

Mama Namuli alirudi kutoka kazini akakuta matanga ya mumewe. Akauliza nani ameleta habari. Wakamwonyesha mtoto.

Alichukua ndoo ya maji akauzima ule moto mbele ya watu wote. Jaja amemlaani. Anasema mke gani huyu anayezima moto wa mumewe. Lakini mke huyo anajua jambo moja: serikali haijasema mtu huyo amekufa. Haijasema hata kwamba wanaye. Ukimlilia, umesema wamemuua. Na asubuhi hii mkubwa wa mtaa amekwishapita kuuliza mayowe yalikuwa ya nini na nani aliyaanzisha.

Nilipiga magoti. Nilisema sikujua, sikujua. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua. Alisema anaamini sikujua. Akaongeza kwamba Namuli ataacha kuja, na kamba nibaki nayo.

Hivyo Namuli hana hata picha ya maji leo.

Jumapili, 14 Machi

Kanisani sikusikia neno. Kila gari lililopita nje nililihesabu kuwa langu.

Nimefunga mfuko mara tatu nikaufungua mara mbili. Basi la Kenya lipo, njia ipo, ni mimi na vizuizi tu. Nikiondoka, watamwuliza Mama Namuli peke yake: habari mlipata wapi? Atasema kwa mwalimu. Mwalimu yuko wapi? Ametoroka. Basi ilikuwa kweli.

Nikibaki, wataniuliza mimi.

Nimeanza kufumua lubugo. Kijiko na kikombe tu ndivyo nilivyomaliza, sindano imeanguka chini ya kitanda na nimeiacha huko. Naona aibu mpaka kwenye nywele.

Jumatatu, 15 Machi

Watoto watatu wamekuja. Habari imezunguka kilima kizima. Juma hakuja, na hilo ndilo lililonitisha.

Wawili kati ya hao walitoa picha ya kunywa. Niliwapa maji. Angalau hilo.

Jumanne, 16 Machi

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Sajini alikuja wakati watoto wakila. Land Rover ilibaki getini na watu ndani yake. Alikuja peke yake mpaka mlangoni, akavua kofia, akaingia, akafunga mlango. Alikataa kiti.

Akauliza, "Nani alikuambia huyu mutu alikufa?"

Nikasema hakuna. Nikamweleza mende, nikamweleza maboksi ya sabuni, nikamweleza mzee wa sokoni aliyenipa pole. Nilisikia jinsi yanavyofanana na uongo. Ningekuwa yeye nisingeniamini.

Basi nikafanya kile ninachojua kufanya. Nilichukua mfuko wote wa picha nikaumwaga mezani. Mpira juu ya lubugo. Choo. Ng'ombe. Mama wa huyu, baba wa yule. Na katikati, na kofia yake, Sajini mwenyewe, ukingo umekunjwa vizuri pande zote.

Aliichukua. Yeye si Mganda, lakini amekaa hapa miaka na amewaona watu wakizikwa. Alijua. Nilimwona akijua. Alikaa kwenye kile kiti alichokikataa.

Mtoto mmoja nje alikuwa akigonga bakuli.

Kisha akacheka, mara moja, puani. "Mimi pia ulizika," alisema. Akasema atawaambia wakubwa kwamba mwalimu ni mjinga, mgeni, hajui mila, hakuna mtu alimwambia kitu. Mwalimu mjinga tu. Sijawahi kufurahia tusi kama hilo. Nilitaka kumshika mkono.

Alichomoa kisu kidogo akakata uzi wa picha yake, polepole, kona moja moja. Lubugo akaiacha mezani, uso wake akautia mfukoni. Akaniambia nyingine zote nizitoe leo leo, watu wasizione.

Nikasema ndiyo, ndiyo, nikaanza kuzikusanya. Mkono wangu ulifika kwenye kamba ya Namuli. Nikashika picha ya karani mwenye tai iliyopinda, nikatafuta mkasi.

Sajini aliweka kidole juu yake.

"Hii wacha," alisema.

Akavaa kofia akatoka.

Jumatano, 17 Machi

Hii wacha.

Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Labda alimaanisha iache, nitaichukua baadaye. Labda alimaanisha usihangaike nayo. Nimejidanganya hivyo asubuhi nzima, na mchana nimechoka kujidanganya. Yake alitaka itolewe kwa sababu yu hai.

Ninajua sasa. Nilitaka kujua, nikajua, na sina pa kuuweka ujuzi huu. Siwezi kukaa. Nimefagia darasa, nimefagia tena. Nimetembea hadi Lubaga na kurudi bila shughuli.

Nikimwambia Mama Namuli, nimemwua mumewe mara ya pili. Nisipomwambia, ataishi na sufuria iliyofunikwa mpaka azeeke, akitega sikio kila gari likisimama. Na kama Sajini alinitega? Kama anataka kuona nitampelekea nani? Hilo nalo nimelifikiria. Siku hizi watu wote tunafikiria hilo.

Sheria ni yangu. Picha ikitolewa, ijibiwe. Mama huyu alinipa picha ya mumewe Jumamosi ile mezani, akauliza, na mimi nikageukia pembeni.

Ijumaa, 19 Machi

Nimekwenda kwao Namuli. Njia ya juu.

Uani palikuwa na alama nyeusi ya moto uliozimwa, majivu yamegandamana na mvua. Jaja alikuwa ndani, hakutoka kunisalimia. Mama Namuli alinikaribisha jikoni akaendelea kumenya ndizi.

Sikuongeza neno langu lolote. Nilimwambia Sajini alikuja, akafanya hivi, akasema hivi. Yake ameikata. Kuhusu ile ya mumeo, alisema wacha.

Kisu kilisimama. Akaniuliza alisema hivyo kwa hasira? Nikasema hapana, kwa sauti ya chini. Alikuwa akikutazama? Nikasema hapana, alikuwa akiitazama picha.

Alimaliza kumenya ndizi iliyokuwa mkononi. Akaiweka pamoja na nyingine. Akafunga majani juu yake vizuri, akatia maji chini, akawasha. Ndipo akajifunika uso kwa nguo, akalia bila sauti, mabega tu, kwa sababu jirani yuko nyuma ya ukuta huu na mkubwa wa mtaa yuko nyuma ya jirani. Sijawahi kuona mtu akilia kwa kujizuia vile. Nililia na mimi. Sikujizuia vizuri kama yeye.

Jaja alitokea mlangoni. Alitutazama wote wawili. Alikuja akaketi sakafuni karibu na mkwe wake, akauweka mkono wake mgongoni mwake, na hapo laana imekwisha, nadhani.

Wakati wa kuondoka Mama Namuli aliniuliza kama lubugo nyingine ilibaki. Nikasema ipo, kipande kimoja kizima, kile alichoniongezea mzee wa sokoni. Akaniomba. Nitampelekea ndani ya kikapu chini ya ndizi. Hakuniambia cha nini nami sikuuliza. Safari hii nilijua.

Jumapili, 21 Machi

Nimekata leso yangu ya buluu, niliyopewa na mama nikiondoka Voi. Nimezishona picha zote upya juu yake. Mende wataila, sijali. Zikiharibika nitashona tena.

Kipande cha lubugo nimekwishakifikisha. Niliweka na picha juu yake, ile ya kamera, kama ilivyo, na ukingo wake. Sikuigusa.

Mfuko wangu bado umefungwa chini ya kitanda. Nimeuacha umefungwa.

Jumatatu, 22 Machi

Hakuna mvua leo. Watoto sita.

Namuli amerudi. Mama yake alimleta mwenyewe, akanisalimia kama zamani. Nilimfunga Namuli kamba mpya. Alizikagua picha zote, akizipapasa, akakuta baba. Nilimchorea mwingine kwa kalamu, tai imepinda. Huyu hata askari hatamtambua. Mama yake aliniruhusu.

Alasiri alinipa baba.

Mama Namuli alikuwa tayari amefika. Alisimama nyuma yangu. Tulikuwa tumekubaliana. Nikasubiri kidogo kama angenizuia. Hakunizuia. Nikampa Namuli sufuria iliyopinduliwa.

Aliitazama. Akanirudishia, akanipa baba tena. Nikampa ileile tena. Akamgeukia mama yake, akampa baba. Mama yake alichukua sufuria ileile mkononi mwangu, akachuchumaa, akampa yeye mwenyewe.

Namuli alikaa nayo. Hakupiga mtu, hakuuma mtu. Hakwenda getini. Baadaye alifungua fundo, akaitia ile sufuria kwenye kamba yake mwenyewe, karibu na baba, akafunga. Fundo zuri, la mara mbili.

Kisha akatafuta nyingine. Alitafuta muda. Akanipa mimi beba.

Mgongo wangu si mzuri na mtoto ni mzito. Nilimbeba hadi kwao.